Mlango wa Polisi, Njia ya Jasusi

Kila mjadala wa serikali kusikiliza simu za wananchi unapoanza pale vimbwetani, hakosekani mmoja wa kutoa ile kauli: “Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?” Akishasema hivyo anaegemea nyuma kama mtu aliyefunga bao dakika ya tisini. Wanaomjibu, wengi wao watu wa sheria, hukimbilia Ibara ya 16 ya Katiba yetu, ile ya haki ya faragha. Mwisho wake tunagawanyika makundi mawili, wapenda haki huku na wapenda usalama kule, kisha kila mtu anakwenda kula.

Mimi nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa tatu, na naona mgawanyo huo hauna mantiki. Leo nataka kumjibu mwenzetu kwa lugha yake mwenyewe, lugha ya usalama wa taifa. Hoja yangu ni hii: chombo chochote ambacho serikali inakijenga ili isikilize watu wake, mgeni akikifikia naye atasikiliza. Na atakayeanza kusikilizwa si mimi wala wewe tunaosubiri bumu. Ni waziri.

Kwanza tuelewane simu inasikilizwaje, maana filamu zimetuharibu. Siku hizi hakuna haja ya mtu kukaa kwenye gari jeusi nje ya nyumba yako, na zile kelele za kukwaruza ambazo watu wakizisikia husema “hapa tunarekodiwa” mara nyingi ni mtandao mbovu tu. Sauti yako inatoka kwenye simu kwenda mnarani ikiwa imefungwa kwa fumbo, ndiyo maana kuidaka hewani ni kazi. Lakini ikishapita mnarani na kufika kwenye mtambo mkuu wa kampuni, ule unaoamua simu hii iende wapi, fumbo limeshafunguliwa. Pale sauti ni mfululizo wa tarakimu kama faili lingine lolote, na kunakili faili hakupigi kelele. Mtambo unatoa nakala ya pili ya mazungumzo na kuituma kwenye namba nyingine. Nyinyi wawili mnaendelea na habari za michango ya harusi, wa tatu anasikia kila neno, na salio lenu halipungui hata senti ya ziada.

Polisi wana sababu za kweli za kutaka uwezo huo. Mtekaji akipiga simu kudai fedha za kumwachia mtoto, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema asisikilizwe. Kwa hiyo nchi nyingi zinazitaka kampuni za simu ziwe na mitambo yenye sehemu ya kunakili tayari ndani yake. Marekani ilitunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 1994. Watengenezaji wakaanza kuuza mitambo ambayo uwezo huo umo tangu kiwandani, na kwa mtambo ninaotaka kuuzungumzia ulikuwa na vipande viwili. Kimoja kinafanya kazi yenyewe ya kunakili sauti. Kingine ni cha usimamizi: hapo ndipo amri inaingizwa, namba gani, kwa idhini ya nani, kuanzia lini hadi lini, na kila kinachofanyika kinaandikwa. Chukulia stoo ya kijiji. Kuna mlango wa kutolea magunia, na kuna daftari la mtunza stoo.

Sasa twende Ugiriki.

Vodafone ya Ugiriki ilikuwa inatumia mitambo ya Ericsson ya Sweden. Mwaka 2003 programu za mitambo hiyo ziliposasishwa, kile kipande cha kunakili kiliingia humo humo pamoja na mambo mengine. Kipande cha usimamizi, kile cha daftari, kampuni ilikuwa haijakinunua. Jamani, rudia kusoma hapo. Mlango wa kutolea magunia upo. Daftari halipo. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa haijaanza kuutumia mlango huo, hakukuwa na mtu wa kuuangalia.

Agosti 2004, mwezi ambao Athens ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki, watu fulani waliingia kwenye mitambo hiyo na kupandikiza programu yao, mistari 6,500 hivi. Mtambo wa simu hauzimwi ovyo kama kompyuta ya maabara yetu, kwa hiyo waliiandika ndani ya mtambo ukiwa unafanya kazi, wateja wakiwa wanaongea. Programu yao ilijificha isionekane kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi, na ikadanganya hata ule ukaguzi ambao mtambo hujifanyia kujua kama umeguswa. Ilipotaka kusikiliza haikupita kwenye usimamizi wowote. Ilikiamuru kile kipande cha kunakili moja kwa moja. Nakala za mazungumzo zikawa zinakwenda kwenye simu kama 14 hivi za kulipia kabla, zile za kununua dukani na kuweka vocha.

Nani alisikilizwa? Namba zaidi ya 100. Waziri Mkuu Kostas Karamanlis na mkewe. Waziri wa ulinzi, wa mambo ya nje, wa sheria. Meya wa Athens. Walikuwemo wanaharakati na waandishi wa habari pia, lakini orodha ile kwa sehemu kubwa ni ya watu wanaokaa viti vya mbele kwenye sherehe za taifa. Miezi mitano ikapita hakuna aliyejua.

Waliumbuliwa na kosa lao wenyewe. Januari 2005 walijaribu kuiboresha programu yao, wakaharibu kidogo njia ya ujumbe mfupi. Meseji za watu zikawa hazifiki, malalamiko yakaingia, Vodafone ikawaita Ericsson waangalie kulikoni. Wiki kadhaa baadaye, mwanzoni mwa Machi, wataalamu wa Ericsson wakaikuta programu ambayo wao hawakuiandika, na ndani yake orodha ya namba. Uongozi wa kampuni ukaamuru iondolewe haraka, na hapo kwa maoni yangu ndipo uchunguzi ulipokufa: wezi wakajua wameonekana, zile simu 14 zikazimwa. Tarehe 9 Machi, siku moja kabla ofisi ya Waziri Mkuu haijaarifiwa, mhandisi Kostas Tsalikidis, meneja wa kampuni hiyo katika upangaji wa mtandao, mwenye umri wa miaka 38, alikutwa amejinyonga nyumbani kwake. Ndivyo mamlaka zilivyosema, kwamba alijinyonga. Familia yake haikukubali, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Ugiriki haikuchunguza kifo kile ipasavyo. Alikuwa mtu wa fani yangu. Nikipita kwenye maabara ya simu usiku huwa namkumbuka, ingawa sikumjua.

Wananchi waliambiwa Februari 2006, karibu mwaka mzima baadaye. Vodafone ikatozwa faini ya yuro milioni 76. Mwaka 2015 Ugiriki ilitoa hati ya kumkamata ofisa mmoja wa ujasusi wa Marekani aliyewahi kufanya kazi ubalozini Athens. Hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Ninachotaka mkione ni kimoja. Wale majasusi hawakuja na chombo cha kunakili sauti. Walikikuta. Kazi ngumu kuliko zote, ya kuufundisha mtambo wa simu kutoa nakala ya siri ya mazungumzo, ilikuwa imefanywa na wahandisi wazuri, kihalali, kwa ajili ya polisi. Wao waliongeza tu mkono wa kukivuta.

Mtu anaweza kusema Ugiriki ilizembea, nchi kubwa haiwezi kufanyiwa hivyo. Sawa, tuiangalie kubwa kuliko zote. Mwaka 2024 Marekani iligundua kwamba wadukuzi ambao serikali yake inasema wanatumwa na China walikuwa wamejikita ndani ya kampuni zake kubwa za simu, AT&T na Verizon zikiwemo. Wataalamu wanaliita kundi hilo Salt Typhoon. Miongoni mwa vitu walivyovifikia ni taarifa za ile mifumo ya kusikiliza simu kwa amri ya mahakama, iliyojengwa kutokana na sheria ya 1994. Fikiria jasusi akiipata orodha ya namba ambazo polisi wa nchi adui wanazisikiliza. Anajua papo hapo ni yupi kati ya watu wake ameshashtukiwa na ni yupi bado yuko salama. Simu za Donald Trump na JD Vance, wakiwa kwenye kampeni, nazo zililengwa. China imekanusha.

Kilichofuata kilinichekesha kidogo, Mungu anisamehe. FBI kwa miaka mingi imekuwa ikilalamika kwamba programu za ujumbe zinazofunga maneno kwa fumbo kutoka simu hadi simu zinawasaidia wahalifu. Mwaka 2016 iliipeleka Apple mahakamani ikitaka itengeneze programu maalumu ya kuifungua simu ya mtu aliyefanya mauaji San Bernardino. Apple ikagoma, ikisema ikitengeneza ufunguo huo mmoja, ufunguo hautabaki kwa mmoja. Desemba 2024, maofisa wa usalama wa Marekani, wa FBI wakiwemo, wakawashauri wananchi watumie mawasiliano yaliyofungwa kwa fumbo, kwa sababu mitandao ya simu ilikuwa bado haijasafishwa.

Mlango ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni rundo. Serikali ikikusanya siri nyingi mahali pamoja imemrahisishia mwizi safari. Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza kwamba kumbukumbu za watu milioni 21.5 zimeibwa. Hazikuwa majina na anwani tu. Zilikuwa fomu wanazojaza watu wanaoomba kazi zenye siri: madeni yako, ndugu zako wa nje ya nchi, uliwahi kuvuta nini, uliwahi kutibiwa akili, rafiki zako ni nani. Na alama za vidole vya watu milioni 5.6. Nywila ikiibwa unabadilisha. Kidole utabadilisha wapi? Fomu zilizokusudiwa kuwachuja watu wasiorubunika ndizo zikawa mwongozo wa kuwarubuni.

Kuna rundo la aina nyingine, la udhaifu. Shirika la ujasusi la NSA lilijua kwa miaka kuna tundu kwenye Windows, likalikalia kimya ili lilitumie kuingilia kompyuta za wengine. Wajanja wakaiba kifaa hicho na kukimwaga hadharani Aprili 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi mmoja kabla, lakini nani anasasisha kompyuta kwa wakati? (Angalieni zile za maktaba.) Mei mwaka huo programu ya kudai fidia iliyoitwa WannaCry ikapita kwenye tundu lile lile, ikashambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Uingereza hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Marekani na Uingereza zinaitaja Korea Kaskazini. Silaha ilikuwa ya Mmarekani.

Na rundo linahitaji watunzaji. Edward Snowden, aliyefichua mwaka 2013 jinsi NSA inavyosomba mawasiliano ya dunia, hakuwa hata mwajiriwa wa shirika hilo. Alikuwa wa kampuni yenye mkataba nalo. Jack Teixeira, aliyekamatwa Aprili 2023 kwa kumwaga nyaraka za siri za vita ya Ukraine, alikuwa na miaka 21, askari wa akiba wa anga, na alizimwaga kwenye kikundi cha mtandaoni cha wacheza gemu. Miaka 21, rika letu kabisa. Snowden unaweza kumwita shujaa au msaliti, tubishane siku nyingine. Kwa hoja yangu wote wawili ni kitu kimoja: ukitaka kuona kila kitu unahitaji watu wengi wa kutazama, na kila mmoja wao ni ufa.

Mpaka hapa mtu atasema hayo ni ya wakubwa, sisi tuna siri gani. Basi tupande ndege hadi Addis Ababa. Makao makuu ya Umoja wa Afrika yalijengwa na China kama zawadi, kwa dola milioni 200, yakafunguliwa 2012, kompyuta na nyaya ndani. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kwa miaka mitano, kila usiku kati ya saa sita na saa nane, seva za jengo lile zilikuwa zikituma data kwenda Shanghai, na kwamba mafundi waligundua kwa sababu ndio muda ambao hakuna mtu ofisini lakini mtandao unajaa. China ilikanusha, uongozi wa Umoja ukakanusha pia. Amini unayemwamini. Kwangu jambo la kushika ni kwamba mjenzi wa nyumba anajua milango yote.

Na msidhani ukimkwepa Mchina umepona. Nchi zaidi ya 120 ziliwahi kununua mashine za kufungia siri zao kutoka Crypto AG, kampuni ya Uswisi, nchi isiyofungamana na mtu. Mwaka 2020 waandishi wa Marekani, Ujerumani na Uswisi wakafichua kwamba kuanzia 1970 wamiliki halisi wa kampuni hiyo walikuwa CIA na ujasusi wa Ujerumani Magharibi, na baadhi ya mashine zililegezwa makusudi ili wenyewe wasome. Watu walikuwa wanalipa fedha za kigeni kununua kufuli kwa mwenye ufunguo wa akiba.

Hapa kwetu, Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Sababu zilizotolewa zinaeleweka, utapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umewaliza wazazi wetu wengi. Lakini hesabu tulivyokabidhi, tena sisi wanachuo kuliko wengine. Vidole viko kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye laini. Fomu ya mkopo inajua cheti chako cha kuzaliwa, mdhamini wako, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo. Miongoni mwetu wako watakaokuwa mabalozi, majaji na maofisa wa jeshi mwaka 2045. Jasusi mwenye subira hahitaji kumdukua balozi, anaanza na faili lake la mkopo.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni hatua nzuri na nawasihi muisome, haichoshi kama sheria nyingine. Ila ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa, na mimi naona msamaha umewekwa palepale ambapo ulinzi ungetakiwa kuwa mzito zaidi. Rundo la usalama wa taifa ndilo mgeni analolitamani.

Sasa, je, nasema serikali isisikilize simu ya mtu yeyote? Hapana. Mtekaji asikilizwe. Lakini kuna tofauti kati ya kumsikiliza mtu mmoja, kwa amri ya hakimu, kwa siku zinazohesabika, na kujenga uwezo wa kumsikiliza yeyote halafu kuapa kwamba hautatumika vibaya. Uwezo wa kwanza ni mdogo, na kilicho kidogo kinalindika. Wa pili unahitaji mitambo mingi, watu wengi na maghala makubwa, na kila ukiongeza, mgeni anaongezewa mahali pa kushika. Ugiriki yenyewe haikupona. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Nikos Androulakis, kiongozi wa chama cha upinzani, alikuwa amesikilizwa kihalali na ujasusi wa nchi yake, na wakati huohuo kuna mtu alijaribu kupandikiza kwenye simu yake programu ya kijasusi iitwayo Predator. Mkuu wa ujasusi akajiuzulu.

Likizo ndefu hii baadhi ya wenzangu wa uhandisi wanakwenda PT kwenye kampuni za simu. Mtapewa kofia na fulana, mtaonyeshwa minara, mtapiga picha. Mkifika kwenye chumba cha mtambo mkuu, chumba chenye baridi kali, ulizeni kipande cha kunakili kiko wapi na daftari lake liko wapi, na kama kuna mtu asiye wa kampuni wala wa polisi anayelisoma. Mkijibiwa kwamba hilo si la wanafunzi, sawa, msibishane na mtu atakayewajazia alama. Ulizeni basi kumbukumbu za yaliyofanyika kwenye mtambo zinatunzwa kwa siku ngapi. Kule Athens zilikuwa siku tano.